Kikundi cha ukili: anzeni na jamvi, mkopo baadaye

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kama wewe na wenzako wanane muunde kikundi cha kusuka mikeka au kila mtu asuke kwao, maana umeambiwa vikundi vya akina mama huvunjika pesa ikiingia. Nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Nina mwaka wa 11 katika kikundi cha ukili, ule msuko mrefu mwembamba unaoshonwa kuwa mkeka, hapa Kilwa Kivinje. Tulianza 7, leo tuko 14.

Kusuka kila mtu kwao tumekufanya miaka mingi. Ukili unasukika popote, hata njiani mtu anaenda huku anasuka. Kazi ni kuumaliza. Mkeka unataka pima nyingi, nawe ukiwa peke yako leo unasuka shibiri mbili, kesho mtoto ana homa, keshokutwa kuna msiba, ukili unabaki umeviringishwa juu ya kabati hadi panya wauone. Sisi tunakaa barazani Jumatatu na Alhamisi baada ya adhuhuri. Mkono hausikii uchovu kwa kuwa masikio yana shughuli. Hapo ndipo tunapojua mjukuu wa nani anaumwa, nani kaposewa binti, na nani hajala tangu jana lakini hasemi. Asiyeonekana siku mbili mfululizo tunamfuata kwake kumjulia hali. Zamani tulimtoza faini ya shilingi 500, tukaifuta, kwa sababu aliyekuwa hana hiyo 500 ndiyo alizidi kujificha.

Sasa nikueleze siku tuliyokaribia kuvunjika, ujue ugomvi unakotokea. Nyumba moja ya wageni ilituagiza mikeka 12, myekundu na myeupe. Tuligawana, kila mmoja akanunua rangi yake ya unga dukani, akachemsha chane zake, yaani majani ya mkindu yaliyochanwa membamba, kwake, akasuka, akashona. Siku ya kukusanya tukaitandika uani. Mwekundu wa huyu ulikuwa umeiva, wa yule umefifia kama chungwa. Upana wa kili nao ulitofautiana, maana wapo wenye mkono wa kukaza na wapo wenye mkono wa kulegeza, na ukizishona pamoja mkeka unavuta upande. Mnunuzi akakubali 5 tu, akaondoka. Nakwambia, maneno yaliyosemwa pale uani! Wawili walikuwa tayari wamejifunga kanga kwenda zao.

Bibi yetu mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, hakujibu mtu. Akauvuta mkeka wake, na wake ulikuwa mmoja wa ile 5 mizuri iliyokuwa bado haijabebwa, akatoa shazia, sindano nene ya kushonea mikeka, na kuanza kufumua mshono. Tukamuuliza, Bibi, huo si umekubaliwa? Akasema haufanani na yetu. Basi tukakaa chini mmoja mmoja, tukafumua hadi magharibi. Tangu siku ile kazi ya oda moja inachemshwa katika debe moja, chane za wote pamoja, kwa moto mmoja. Tuna kijiti tulichokata kwa kisu, kila ukili unapimwa nacho upana, hata wangu mimi mwenye miaka 11 kikundini. Mwenye mkono wa kulegeza hukalishwa pembeni ya mwenye mkono wa kukaza, na baada ya miezi michache mikono huanza kufanana.

Ukindu wenyewe msiuchezee. Kateni kuti changa lililo bado limefumba, moja kwa shina, moyo muuache. Tulikuwa na mikindu ya karibu, watu wakakata hovyo, leo tunaamka alfajiri kwenda mbali. Anikeni kwenye jua kali na msihifadhi chane mbichi wakati wa mvua, kuvu huingia na rangi haishiki tena.

Kuhusu mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni haki yenu na muiombe. Ila nimeona vikundi vilivyoandikishwa kwa ajili ya fomu tu, watu hawajawahi kukaa jamvi moja, pesa ikagawanywa siku ileile na marejesho yakaachiwa katibu. Kaeni msimu mzima kwanza. Na msianze Oktoba, korosho zikianza kuanguka hamtaonana hadi minada iishe. Sisi miezi hiyo tunafunga kabisa na hakuna anayelaumiwa.

Umesema vijana wanawacheka kuwa hii ni kazi ya vibibi. Jirani yetu Kilwa Kisiwani, mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alipochimba magofu miaka ya 1960, vilitoka vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilikuwa vya kusokotea pamba: kijiti kinapita tunduni, kigae kinakipa uzito, kinazunguka kama pia na uzi unajisokota. Watu wa Kilwa walifuma nguo. Leo simjui hata mmoja hapa anayesokota pamba kwa mkono, na mimi linaniuma. Kwa hiyo binti akija barazani tunampa chane tatu aanze, hata akiharibu.

Jambo la mwisho ambalo ningependa mlichukue. Tunaweka mkeka mmoja mpya ambao hauuzwi kwa bei yoyote. Ni wa maziko ya mwanachama atakayetangulia. Wenye oda wameutaka mara nyingi, tumekataa. Mwaka juzi yule bibi aliyefumua mkeka wake alifariki usiku, na asubuhi hakuna aliyehangaika kutafuta mkeka, wake ulikuwepo, tumeusuka wote, naye mwenyewe alikuwa amesuka pima mbili za katikati. Alhamisi iliyofuata tukaanza mwingine.

Daftari la hesabu uliloulizia ni la kawaida tu, safu nne: jina, pima alizosuka, alichopokea, sahihi au dole gumba. Linakaa kwa mtu asiyeshika pesa.