Kuhusu picha unayotaka kuitundika

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kama ni vibaya kutundika sebuleni nakala ya ile picha uliyoiona Dublin: Jahangir, mfalme wa dola ya Mughal huko India, amesimama juu ya tufe la dunia, upinde mkononi, anakilenga kichwa cha adui yake Malik Ambar, yule Mhabeshi, kilichochomekwa kwenye mkuki. Tuanze kwanza na albamu ilimotoka picha hiyo.

Shangazi yako amechoka kunisikia, lakini nasema tena: picha ya albamu usiitazame peke yake. Hiyo aliichora Abu'l Hasan, mchoraji wa Jahangir, yapata mwaka 1616. Ilikuwa ndani ya albamu moja na picha ya punda milia ya mwaka 1621, aliyoichora Mansur, mchoraji mwingine wa Jahangir. Albamu ikauzwa London mwaka 1925, kurasa zikagawanywa, picha yako ikaishia Dublin, na ya punda ikabaki London.

Nilipokuwa chuoni, mhadhiri mmoja alituonyesha slaidi ya picha yako akasema, "Huu ndio ushindi wa Jahangir." Nikanyoosha mkono, nikasema kichwa hicho hakikukatwa kamwe. Akasema tuendelee. Darasa likacheka. Mpaka leo linaniuma. Mhabeshi aliyeuzwa utumwani tangu mtoto, akapanda hadi kuishika dola ya Ahmadnagar huko India, akayahangaisha majeshi ya Mughal miaka na miaka, akafa kwa uzee mwaka 1626 bila kukamatwa, nasi Waafrika wenzake tufundishwe kwamba alishindwa, eti kwa kuwa brashi imesema!

Lakini ngoja. Mkono wa Abu'l Hasan siwezi kuuchukia. Alichora alichokitaka bwana wake. Hapana, hilo nalo halitoshi. Kwa sababu mfalme huyohuyo aliletewa punda milia kutoka Uhabeshi, watu wakadhani amepakwa rangi, wakamchunguza mpaka wakaamini. Mansur akamchora mstari kwa mstari, na Jahangir akaandika kwa mkono wake kwenye picha mnyama alikotoka. Wa Uhabeshi huyu, wa Uhabeshi yule. Kwa punda walitaka ukweli. Kwa Ambar walitaka nini? Ndiyo maana nasema usiitazame peke yake.

Sebule ni yako na mwenzako. Sikukatazi, ingawa ulimi unaniwasha. Ukiitundika, tafuta na nakala ya punda uiweke ubavuni mwake, na mgeni akiuliza habari za kile kichwa, umwambie Ambar alikufa lini na vipi.

Baba yako