Okestra na watoto wadogo: wapeleke, ila masikio yaanzie nyumbani

Dada uliyeuliza kama wanao wa miaka 4 na 7 watatulia kwenye tamasha la familia la okestra, au hela ya tiketi itapotea bure: wapeleke. Ila wasiende na masikio matupu. Mimi nilianza vibaya, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Tunaishi London, mimi na mama watoto sote ni wa Unguja. Kijana wetu alipokuwa na miaka 4 nilimpeleka kwenye onyesho la usiku, lile la watu wazima. Haikufika robo saa tukawa nje, yeye analia, mimi nimekasirika. Mtoto hakuwa na kosa. Saa yake ya kulala ilishafika, na katika muziki wote ule hapakuwa na kitu hata kimoja alichokijua.

Mwaka uliofuata tukapata tamasha la familia, la asubuhi, halizidi saa nzima. Walikuwa wanapiga Peter and the Wolf (Peter na mbwa mwitu), hadithi ya muziki ambayo Mrusi Sergei Prokofiev aliitunga mwaka 1936 kwa ajili ya watoto wa Moscow, ili wazijue ala. Kila mhusika ana ala yake: ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, babu mkali ni basuni (zote tatu za kupuliza), Peter mwenyewe ni fidla na ndugu zake, na mbwa mwitu ni honi tatu kwa pamoja, zile tarumbeta za shaba zilizozungushwa.

Wiki mbili kabla, kila tukimaliza kula, nilikuwa nawawekea vipande vya sekunde chache tu, wao wanataja ni nani. Sikuwawekea muziki wote mzima hata siku moja. Binti, wa miaka 3 wakati huo, alikuwa akimkatalia kaka yake: "Siyo paka, bata huyo!" Na ni bata kweli.

Fidla sikuwafundisha, wanazijua. Kwetu taarabu haikauki, na nakuomba usidhani okestra ni kitu kigeni kwetu. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo Unguja tangu 1905. Mtoto aliyezoea kungoja fidla na ganuni (ile ala ya nyuzi nyingi) zimalize utangulizi ndipo mwimbaji afungue kinywa, nusu ya subira anayo tayari.

Siti: usinunue za mbele. Ukikaa chini mbele, mtoto anaona viatu vya wapiga fidla, na wapuliza ala wote wamefichika nyuma yao. Chukua za juu, pembeni, karibu na mlango. Kutoka juu anaona filimbi, anaona ngoma, anaona mkono wa kiongozi anayewaongoza wapigaji.

Sasa sikia. Kabla hawajaanza, okestra hutuma obo itoe sauti moja, wote waweke ala zao sawa kwa sauti ile. Ukumbi umenyamaza, obo ikalia peke yake, na kijana akanibana mkono: "Baba, bata!" Tamasha hata halijaanza, na yeye keshakutana na mtu anayemjua. Mimi machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema.

Mwandae pia kwa mbwa mwitu. Honi zile zinatisha, na risasi za wawindaji hupigwa kwa ngoma kubwa. Huyo wa miaka 4 mpakate. Binti alijificha kifuani kwangu bata alipomezwa. Lakini mwisho wa hadithi, msimulizi anawaambia watoto wakisikiliza vizuri watamsikia bata tumboni, maana mbwa mwitu kwa haraka zake alimmeza mzima mzima. Obo ikaanza tena, kwa sauti ndogo ya mbali. Binti akatoa kichwa na kuniwekea kidole mdomoni ninyamaze, nami sikuwa nimesema neno.

Mmoja akichoka, mtoe bila kumgombeza, tembeeni kidogo nje, mrudi akitaka. Matamasha ya familia hakuna anayekugeukia kwa jicho baya.

Angalia tangazo lenu wanapiga nini. Kama ni Carnival of the Animals, muziki wa wanyama wa Mfaransa Saint-Saëns, usianze na bata maji wa selo (fidla kubwa ya kukalia), japokuwa ndiye anayesifiwa na wakubwa. Anza na tembo: ni besi, fidla kubwa kuliko zote, inacheza kwa uzito, na watoto wangu walikuwa wakiinuka mezani kutembea nayo.