Usawa wa kuku bila usawa wa vyombo

Pole dada. Umesema kitindamimba wa miaka 5 analia akiona kipande chake cha kuku ni kidogo, kaka wa 9 anataka wote wapate sawa, na binti wa 13 ananuna kwa sababu vyombo anaosha yeye tu.

Huyo mdogo asikutishe, ni umri. Katika majaribio ya peremende ya watafiti wa Marekani, yaliyochapishwa 2011, watoto wa miaka 4 hadi 7 walikataa kupunjwa, ila wakipendelewa walipokea tu. Wa miaka 8 walikataa hata kupendelewa. Mpe kitindamimba kazi ya kugawa, achukue chake mwisho. Utashangaa atakavyopima!

Binti ana hoja. Kaka mtu anadai usawa kwenye kuku, kwenye kuosha vyombo hayupo. Andika zamu, bandika jikoni, mvulana aanze Jumatatu. Bibi yao akisema mwanamume haoshi sufuria, mjibu kwa adabu, ila zamu ibaki. Usimtulize binti kwa paja kubwa. Utakuwa umenunua ukimya wake.

Akianza kujitenga au kushuka darasani, muone mwalimu wa ushauri nasaha.