Siku mbili Luzern, zinatosha?

Ndugu, umeuliza kama Jumamosi na Jumapili zinatosha kuiona Luzern, mji wa Uswisi ulio kando ya ziwa, ukitua Zurich. Zinatosha. Treni ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege huchukua saa moja na dakika kumi hivi, na hotelini omba kadi ya mgeni: basi za mjini utapanda bure.

Jumamosi tembea kwa miguu. Anzia Kapellbrücke, daraja la mbao la karne ya 14. Liliungua Agosti 1993, ndiyo maana michoro mingi ya pembetatu chini ya paa haipo tena. Kisha ukuta wa Musegg, ambao minara yake hufungwa majira ya baridi. Uwe kwenye mnara wa Zyt, mmoja wa minara hiyo, mapema: saa yake ya 1535 hugonga dakika moja kabla ya nyingine zote mjini. Nunua chakula siku hiyohiyo, maana Jumapili maduka mengi hufungwa, isipokuwa ya kituoni.

Jumapili panda meli hadi Vitznau, kijiji cha kando ya ziwa, kama saa moja, halafu treni ya meno (yenye gurudumu la meno la kupandia mlima) hadi kilele cha mlima Rigi. Tazama kwanza kamera za kileleni mtandaoni. Mawingu yakikaa juu, utalipa nauli usione kitu. Lakini Novemba mara nyingi ukungu hufunika ziwa tu, huku kileleni jua linawaka. Sweta beba hata Julai.