Koti jeupe la kwenye picha si la maabara

Marahaba mdogo wangu. Nimekuelewa: unajitolea bila posho kwenye maabara ya kiwanda cha minofu, usaili wa serikali watu wanajaa kama mechi ya watani, na mama anamtangazia kila mtu pale soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, kwamba niko maabara Uingereza, koti jeupe si kaliona kwenye picha. Sasa unataka uache, uje usome masta kama mimi.

Koti lile ni la kiwandani, Grimsby. Nasimama kwenye mkanda, minofu ya samoni inapita, nachomoa miiba kwa kikoleo. Ile baridi ikishaingia vidoleni, jioni hata kifungo cha shati kinakushinda. Nilimwambia msimamizi nimesomea maikrobaiolojia, na chumba cha sampuli si kiko mlango wa pili tu? Akacheka, akanipa glavu mpya. Mama usimwambie. Au mwambie, ila si mbele ya wenzake wa dagaa.

Wanaokudanganya kwamba watu wa sayansi huku wanagombaniwa, waulize habari za viza. Ukimaliza masta, miaka ya kukaa kutafuta kazi ilikuwa 2, ila ukiomba kuanzia Januari 2027 unapewa miezi 18 tu. Baada ya hapo lazima mwajiri akudhamini, na tangu Julai 2025 mshahara wa viza hiyo kwa kawaida uanzie pauni 41,700 kwa mwaka. Mhitimu mpya anapunguziwa hadi 33,400. Kazi ya kwanza ya maabara kwa kawaida haifiki hapo, na vijana wao wenyewe wako foleni ileile.

Kwa hiyo usije. Lakini kukaa hapo ukiosha chupa na kutumwa chai nako ni upuuzi. Ng'ang'ania kupima sampuli mwenyewe, jina lako liandikwe kwenye rekodi. Ulaya ilipofunga soko la sangara mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, Mwanza nzima ilijua faida ya vipimo. Waulize kama maabara yao ina ithibati ya ISO 17025, yaani kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo. Kama ndiyo, vumilia, maana usaili wa huku hilo ndilo wanalouliza na mimi huwa nabaki kujiumauma. Kama siyo, tafuta pengine, usizeekee pale.

Kiwanja cha Buhongwa kisiuzwe kwa sababu ya ada, nasema tena kisiuzwe. Nauli ya daladala nitakutumia mwisho wa mwezi. Na vyeti vyako nitumie pia, niviangalie. Kuna vyuo Ujerumani havitozi ada.