Trauti Wakubwa wa Maziwa ya Mlima Kenya: Anza Kuvua Ukingoni

Wakazi wenzangu wa Nairobi wanaotaka kujifunza kuvua trauti kwa chambo cha manyoya huniuliza kwanza mshipi unapaswa kufika umbali gani. Jibu langu huwashangaza: kwa trauti mkubwa, mita kumi zilizorushwa kwa utulivu zinatosha, kwa kuwa alfajiri na jioni samaki huyo hupita karibu na ukingo, penye kina kifupi, akitafuta wadudu walio kwenye mimea ya majini. Anayeingia ziwani hadi magotini kabla ya kurusha chochote humfukuza samaki yule yule aliyemfungia safari.

Kwa hiyo mimi husimama hatua chache nyuma ya maji, nikiinama pasipo kichaka cha kunificha, na mirusho yangu ya kwanza hufuata ukingo kabla sijaelekeza mshipi katikati. Upepo unapovuma, nenda upande unakoelekea, hata kama itakubidi kurusha ukipambana nao, maana ndiko wadudu walioanguka juu ya maji wanakosukumwa, na trauti analijua jambo hilo kuliko sisi.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Ufito wa namba 6 au 7 (namba huonyesha uzito wa mshipi unaoufaa) na mshipi unaozama polepole vinafaa, pamoja na chambo chenye umbo la lava wa kereng'ende, yaani mdudu huyo akiwa bado mchanga majini. Kenya Bug nyeusi au Woolly Bugger ya kijani kilichofifia hunitosha karibu kila mara. (Vyambo vingi vya aina hii hufungwa kwa mkono hapa hapa nchini na kuuzwa Ulaya na Marekani, ilhali wengi wetu hatujawahi kuviona.) Kwa kuwa chambo hakina uzito, kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, na mkono huhitaji mazoezi: tumia uwanja wowote wa nyasi mtaani, ukifunga kipande cha sufi mahali pa ndoana.

Penye makosa mengi ni baada ya chambo kutua. Mgeni huanza kuvuta mara moja, tena kwa haraka. Acha kizame huku ukihesabu hadi kumi. Mrusho unaofuata hesabu hadi kumi na tano, na uendelee hivyo mpaka ndoana iguse mimea, kisha upunguze kidogo, kwa maana hicho ndicho kina unachokitaka. Vuta inchi chache, tulia, vuta tena, ncha ya ufito ikiwa karibu na maji. Trauti mkubwa mara nyingi hashtui mkono. Mshipi huwa mzito tu, kama ulionasa jani. Akianza kukimbia, mwachie mshipi uende, kwani anayeung'ang'ania hukatikiwa.

Ukikosa hata mguso siku nzima, usilaumu chambo upesi. Trauti ni mgeni Kenya: waliletwa kutoka Uskoti na kutiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, mwaka 1905. Ili kuzaana wanahitaji changarawe na maji yanayotiririka, na ziwa lisilo na kijito cha kufaa huwa na samaki wachache, ambao hunenepa kwa kutogombania chakula.

Ziwa Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya, liko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyetoka Nairobi asubuhi asikimbilie kuvua jioni hiyo hiyo. Alale kwanza karibu na lango la hifadhi, mwili uzoee mwinuko. Januari na Februari barabara ya msituni huwa kavu zaidi. Ulizia mapema ada za hifadhi na leseni ya uvuvi.

Bana kwa koleo kijino kinachorudi nyuma kwenye ncha ya ndoana, lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, na umwache ndani ya maji unapomfungua. Kwa kitoweo, chukua mdogo kwa idadi inayoruhusiwa.