Unataka kufasiri kwa kampuni za nje? Soma hata visanduku vilivyofungwa

Kijana mmoja wa Wete, Pemba, ameniandikia wiki hii. Amemaliza shahada ya Kiswahili SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kompyuta anayo, na anauliza ataingiaje kwenye kampuni za Ulaya zinazotoa kazi za tafsiri. Namjibu hapa hadharani kwa sababu hayuko peke yake.

Mdogo wangu, kuingia si tabu. Unatuma wasifu, unafanya jaribio, unasaini mkataba wa usiri, unasubiri barua pepe. Tabu ni kubaki huku unaheshimiwa.

Kazi yenyewe inafunguka ndani ya programu kama jedwali: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, kila sentensi na kisanduku chake. Vingine vya kulia ni vitupu, vingine vimeshajazwa na mashine ya kutafsiri, na vingine vina alama ya kufuli. Hivyo vya kufuli vimetoka kwenye kumbukumbu ya tafsiri: sentensi iliwahi kufasiriwa, kampuni ikaihifadhi, na sasa haitaki kuilipia tena. Kitupu kinalipwa bei kamili, cha mashine bei pungufu, cha kufuli mara nyingi hakilipwi kitu.

Mwaka jana nililetewa maelekezo ya dawa kwa wagonjwa wa Tanzania. Kwenye visanduku vya kufuli nikakuta: "Meza kidonge kimoja saa 8 asubuhi." Kiingereza kilisema 8:00 a.m. Kwetu huku saa hiyo ni saa 2 asubuhi. Saa 8 ni baada ya adhuhuri. Mgonjwa akisoma vile afuate namba au afuate neno asubuhi? Na sentensi hiyo ilijirudia faili zima.

Nikamwandikia msimamizi wa mradi. Akanijibu kuwa vilivyofungwa haviguswi, mteja ameshaviidhinisha. Nikaandika tena, nikamwekea saa zao na zetu sambamba, mstari kwa mstari. Mara hii akanijibu mkaguzi wao, mtu aliyejifunza Kiswahili mbali na huku, kwamba mimi naleta lugha ya mtaani.

Neno lile lilinichoma, na mpaka leo linanichoma. Nimezaliwa Mkunazini, Mji Mkongwe, Unguja. Kiunguja hiki ndicho kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa wa 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Halafu nakuja kuambiwa saa ninayoisoma tangu utotoni ni ya mtaani!

Kazi sikuikabidhi mpaka waliponithibitishia kwa maandishi kwamba mteja ameelezwa. Mteja alikuwa na daktari wake Dar es Salaam. Daktari alipoisoma sentensi ile tu, visanduku vyote vikafunguliwa. Tangu hapo kazi za dawa wananitafuta mimi kwa jina, na kukagua vya kufuli nalipwa kwa saa, kwa bei niliyoitaja mwenyewe. Nalisema kwa fahari, alhamdulillahi.

Basi ushauri wangu ni huo: soma vyote. Ukiona kosa, liandike, na barua zihifadhi. Kosa likishaingia kwenye kumbukumbu linazaana, kila kazi mpya inalibeba, na siku moja mashine nayo inafundishwa kwa kosa hilo hilo. Na bei ihesabiwe kwa maneno ya Kiingereza. Kiswahili hubana mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo ukihesabiwa kwa Kiswahili unapunjwa.

Nasikitika kuona vijana wetu wanapokea kuhariri kazi za mashine kwa bei yoyote ile, kisha wanathibitisha kisanduku baada ya kisanduku bila kusoma, ili faili liishe. Hii ni amana, jamani. Mama aliyeko Micheweni na karatasi ya dawa ya mwanawe hajui habari za mashine wala kumbukumbu. Yeye anaamini alichoandikiwa kwa lugha yake. Someni. Istilahi ikikushindeni, BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wapo, waulizeni. Na usilete Kipemba wala Kiunguja cha barazani kwenye karatasi itakayosomwa Mwanza na Kigoma pia. Ukijua kutenganisha hivyo, hakuna mkaguzi atakayekuyumbisha.

Jaribio la bure la maneno 200 au 300 ni kawaida, lifanye. Wakikuletea la kurasa kumi, hiyo ni kazi kamili: waandikie bei yako kabla hujaligusa.